Ekseli ya Gari Lililokufa

Mteja anayekuja uani kwangu hapa Arusha kutaka tela la porini huanza na kitanda cha tela: urefu wake, upana wake, jiko la gesi litakaa wapi na tangi la maji wapi. Mimi humwambia asogeze gari kwanza. Nahesabu nati za ringi, napima kutoka tairi la kushoto hadi la kulia, ndipo nachukua chaki. Land Cruiser za mfululizo wa 70 za kabla ya 1999 zina nati 6. Zilizofuata zina 5. Tela likivaa ringi za kabila lingine, utakwenda Ziwa Natron na matairi ya akiba ya aina mbili, na utakalolihitaji ndilo ulilolitumia jana.

Vijana ninaowafundisha kazi hudhani kanuni hii, ya tela kufuata ringi na upana wa gari, ni yangu. Imetoka jeshini, kupitia kiwanda kilichonyang'anywa gari lake.

Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari dogo, jepesi, linalovuta kwa matairi yote manne. Liliviandikia viwanda 135. Aliyewahi kuleta gari la mfano alikuwa mdogo kuliko wengi, American Bantam wa mji wa Butler, Pennsylvania. Mhandisi Karl Probst alilichora kwa siku chache tu, na tarehe 23 Septemba lilikabidhiwa kambi ya Holabird, Maryland, ikiwa imebaki nusu saa muda uishe. Jeep ilikuwa imezaliwa. Lakini jeshi liliona Bantam hataweza kuzitoa kwa maelfu, na kazi wakapewa Willys na Ford. Bantam akaachiwa, pamoja na kazi nyingine za vita, tela la kufungwa nyuma ya jeep.

Alilitengeneza kama mtu anayelijua vizuri gari litakalolivuta. Kitanda kilikuwa cha chuma kisichovuja, na sakafuni kilikuwa na vizibo vya kutolea maji, ili tela livukapo mto lielee. Mzigo wake wa porini ulikuwa robo tani. Matairi yalikuwa 6.00-16, yaleyale ya jeep, na yalipita palepale yalipopita ya jeep. Faida yake utaiona kwenye udongo mweusi wa masika: tela linalokanyaga njia yake lenyewe huchimba mitaro miwili mipya, na gari linageuka kuwa maksai wa kuvuta jembe.

Vita vilipokwisha, mabaki yake yalikuwa malighafi ya wengine. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na jeep ya vita shambani kwake Anglesey. Land Rover ya kwanza ya majaribio ilijengwa juu ya chasisi ya jeep, na ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 bodi yake ilikuwa ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Huku Tanganyika, mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulioanzia Kongwa mwaka 1947 uliletewa matrekta ya Shervick, ambayo kampuni ya Vickers iliyaunda kwa sehemu za vifaru vya Sherman. Karanga zilikataa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa.

Arusha nayo ilikuwa na historia yake ya magurudumu, ila iliyovutwa na ng'ombe. Kituo cha kupima zana za kilimo, TAMTU, kilihangaika na mikokoteni ya maksai. Mwaka 1975 Tanzania Publishing House walichapa kitabu cha George Macpherson kuhusu hatua za kwanza za kuingiza zana vijijini, na mwaka 1981 kikaundwa CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, ambacho kiko mjini hapa hadi leo. Swali la mafundi wa mikokoteni ndilo langu: ekseli itoke wapi? Beringi ya mbao iliyolowekwa kwenye oili inazunguka vizuri tu. Ekseli ya pikapu yenye matairi ya upepo inazunguka vizuri zaidi, lakini lazima pikapu ife kwanza.

Ya Land Rover ya zamani ndiyo niipendayo. Chomoa shafti mbili, toa difu ili uzito upungue, na habu bado zinazunguka kwenye beringi zake. Hapo unaongeza springi, fremu na mkono wa kuvutia. Kitanda unakipanga ili mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli, na sehemu moja ya kumi ya uzito wote ilalie gari. Ukilundika nyuma, tela litaanza kutikisa mkia barabarani, na dereva hatalishinda.

Ila ekseli hizo zinakwisha. Katika magari mengi yanayofikia kukatwakatwa siku hizi, kila tairi la nyuma lina mkono wake. Huwezi kupata chuma kimoja kilichonyooka toka upande huu hadi ule. Kwa hiyo nanunua bomba nene na habu mpya, nachomelea ekseli mwenyewe kwa kipimo cha gari lililopo uani. Kazi hutoka safi kuliko zamani, na kampuni za safari hulipa bila kunung'unika. Mwalimu wa Longido anayetaka tela la kusombea maji haimudu bei hiyo. Yeye nimemwambia asubiri, na namba yake nimewapa wauza skrepa.