Benchi la Bibi

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa karibu na Magila, Muheza, akakulia katika kanisa la ubani na kengele. Mama alipoolewa na Mlutheri, Bibi alikuja harusini, akala pilau, akacheza. Ila watu walipoinuka kwenda Meza ya Bwana, yeye alibaki kwenye benchi. Picha ipo. Kwa miaka mingi nilidhani ni kiburi.

Kisha, nikiandika tasnifu yangu ya uzamili, nikamkuta aliyelikalia benchi hilo kabla yake.

Juni 1913, wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, kwenye misheni ya Waskoti. Swali lao lilikuwa la kila siku: Mkristo aliyebatizwa na Wamethodisti pwani akihamia bara, nani atampokea? Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti na Africa Inland Mission wakatunga mpango wa shirikisho: kila misheni na eneo lake, na kila mmoja atambue waumini wa mwenzake. (Waliokuwa wakihamahama ni Waafrika, walioamua ni wamisionari. Hilo bado linanikera.) Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ushirika mtakatifu katika kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakapokea.

Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia aliwaka. Akawashtaki Peel na Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, kwa uzushi. Kwake uaskofu haukuwa cheo cha kugawa kazi tu. Ulikuwa sehemu ya kanisa lenyewe, na huwezi kuuweka kando ili mkutano wenu uende vizuri.

Katika rasimu ya kwanza nilimwandika kama mkorofi. Msimamizi wangu aliandika pembeni neno moja: "Umemsikiliza?" Sikuwa nimemsikiliza. Mkorofi huyo aliongoza wapagazi wa Zanzibar vitani mwaka 1916, na mwaka 1920 aliishambulia serikali ya nchi yake kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Na mwaka 1918 alifunga safari hadi Kikuyu kwenyewe, akaketi na wale aliogombana nao, akawapa pendekezo lake la umoja. Hawakulikubali. Wakaunda ushirikiano wao bila yeye, na matunda yake mojawapo ni shule ya Alliance, iliyofunguliwa hapo Kikuyu mwaka 1926. Weston alikuwa amekwisha kufa mwaka 1924, Hegongo, si mbali na kwao Bibi.

Nikampigia simu.

"Shikamoo, Bibi. Siku ile ya harusi ya Mama, mbona hukuinuka?"

"Marahaba. Ningeinuka ningemdanganya Mungu, mjukuu wangu. Ningekataa kuja ningemdanganya mama yako." Akanyamaza kidogo. "Baba yako naye kila akija Muheza hubaki kwenye benchi. Umewahi kumuuliza?"

Sikuwahi.