Kipimo cha Kipato na Chimbuko la Makazi ya Kiwalani

Utawala wa Waingereza uliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu za ujenzi, na ingawa kanuni zake zilitaja aina ya nyumba na vifaa vyake badala ya rangi ya mtu, matokeo yake yalikuwa Wazungu kubaki Uzunguni, Wahindi Uhindini na Waafrika Kariakoo. Baada ya uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda vya Magomeni na kujenga nyumba za gharama nafuu, lakini jiji lilikua haraka kuliko uwezo wa shirika hilo.

Kipato kiliingia rasmi katika hesabu mwaka 1974, Benki ya Dunia ilipogharimia mradi wa viwanja na huduma, yaani utaratibu wa kupima viwanja, kuvipelekea maji na barabara, kisha kumwachia mwananchi ajenge mwenyewe kwa mkopo wa Benki ya Nyumba. Viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vililengwa kwa wenye kipato cha chini, lakini vingi viliishia mikononi mwa wenye nafasi, kwa kuwa kipato cha mchuuzi au kibarua hakikuwa na hati ya mshahara ya kukithibitisha.

Kiwalani, kata ya Dar es Salaam iliyo kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, ilikua nje ya vipimo hivyo vyote. Huko ardhi ilinunuliwa kwa mwenye shamba mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na nyumba ikapanda chumba baada ya chumba kadiri fedha ilivyopatikana, huku vyumba vya kupangisha vikigharimia vilivyobaki. Kuwaita wakazi wa Kiwalani wavamizi ni kuwadhulumu, maana walijijengea jiji ambalo hakuna mfuko uliowakopesha kulijenga.

Nchi nyingine zina vipimo rasmi vya kuamua nani ni wa kipato cha chini katika makazi. Marekani hutumia kipato cha katikati cha eneo, yaani cha kaya iliyo katikati zikipangwa zote kuanzia maskini hadi tajiri, na kaya isiyozidi asilimia 80 ya kiwango hicho huhesabiwa kuwa ya kipato cha chini. Kenya, katika Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, iliweka viwango vya nchi nzima: nyumba za kijamii huwalenga wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania ikitaka kufuata njia ya Marekani, itakumbana na ukweli kwamba utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulitoa takwimu kwa mkoa, si kwa kata, hivyo Kiwalani ingepimwa kwa kipato cha katikati kilekile kinachojumuisha Masaki, makazi ya matajiri wa jiji hilohilo.