Gofu bila kuboeka: Michezo 6 ya uwanja wa mazoezi ambayo mgeni anaweza kumfunga mzoefu

Kikapu cha mipira 50 kinaweza kuisha ndani ya dakika 20. Mtu anapiga, anapiga, anapiga tena. Fimbo ile ile, upande ule ule. Mzoefu aliye pembeni anarusha mpira mpaka unapotea machoni. Mgeni wake unabingirika hatua 10 na kusimama. Siku ya kwanza mgeni anacheka. Siku ya pili haji.

Gofu inapoteza watu wengi kwa namna hiyo, kabla hawajafika hata kwenye shimo la kwanza. Tatizo sio kwamba mchezo ni mgumu, maana hata soka ni gumu. Tatizo ni kwamba uwanja wa mazoezi, ule ambao wachezaji huuita draivingi renji, mara nyingi unatumika bila mchezo wowote. Hakuna pointi, hakuna mshindi, hakuna sababu ya kuungoja mpira unaofuata.

Dawa yake haihitaji mashine wala pesa ya ziada. Inahitaji vitu vitatu: shabaha, pointi, na nyongeza kwa aliye nyuma.

Ukitokea Bagamoyo, unaenda wapi?

Kwa mtu wa Bagamoyo, Mapinga, Bunju au Tegeta, uwanja wa gofu ulio njiani ni Lugalo, pembeni ya Barabara ya Bagamoyo. Ni uwanja wa mashimo 18 wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Ukiendelea hadi katikati ya jiji, karibu na bahari, kuna Dar es Salaam Gymkhana, nao una mashimo 18.

Kabla ya kupanda gari, piga simu uulize mambo manne:

- Je, wasio wanachama wanaruhusiwa kufanya mazoezi siku hiyo?
- Kikapu kimoja kina mipira mingapi, na ni bei gani?
- Kuna fimbo za kuazima?
- Mavazi gani yanatakiwa? Klabu nyingi za gofu zinataka fulana yenye kola na hazipendi jinzi.

Ukienda Lugalo, kumbuka ni eneo la jeshi. Beba kitambulisho, na ulizia kwanza kabla ya kuanza kupiga picha.

Kwanini pointi zinabadilisha kila kitu

Mwaka 2000 huko Watford, Uingereza, ndugu pacha Steve na Dave Jolliffe walifungua kituo cha kwanza cha Topgolf. Walikuwa wanaona mazoezi ya kawaida yanachosha. Wakaweka shabaha kubwa uwanjani na kifaa kidogo cha elektroniki ndani ya kila mpira, ili mchezaji ajue papo hapo amepata pointi ngapi. Leo kampuni hiyo ina vituo vingi Marekani, na wateja wake wengi sio wachezaji wa gofu wa kila siku.

Kilichowavuta watu sio teknolojia peke yake. Ni kwamba kila mpira ulianza kuwa na maana.

Kuna faida nyingine pia. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu miondoko mitatu ya mkono. Kundi moja lilirudia mwondoko mmoja mpaka likaumaliza, ndipo likaenda kwa mwingine. Kundi la pili lilichanganya. Wakati wa mazoezi, waliochanganya walionekana wazito. Walipopimwa baadaye, wao ndio walikumbuka vizuri zaidi. Jaribio hilo halikuwa la gofu, lakini makocha wengi wa michezo wamechukua somo lake: kubadilisha shabaha na fimbo kila mara kunafundisha kuliko kurudia pigo moja mara 50.

Kwanza, pangeni nyongeza

Gofu ina utaratibu wa kumpa mchezaji dhaifu mikwaju ya ziada, yaani handikapu. Tangu mwaka 2020 kuna mfumo mmoja wa dunia nzima, na mchezaji anayeanza anaweza kupewa handikapu ya hadi 54. Ndiyo maana baba na binti yake wanaweza kushindana kwa haki hata kama viwango vyao havilingani.

Kwenye uwanja wa mazoezi mnaweza kutengeneza ya kwenu ndani ya dakika 5. Chagueni shabaha moja, mfano kibao cha yadi 100 (kama mita 91). Kila mtu apige mipira 5:

- Ukitua ndani ya hatua 10 kutoka kwenye shabaha: pointi 3
- Ndani ya hatua 20: pointi 2
- Umeruka hewani lakini umeenda mbali na shabaha: pointi 1
- Umebingirika chini, au fimbo imepiga hewa: 0

Tuseme mzoefu amepata 11 na mgeni 3. Tofauti ni 8. Mpe mgeni robo tatu yake, yaani 6. Kwanini sio zote? Ili aliyejifunza zaidi abaki na faida kidogo, na mgeni naye alazimike kupambana.

Raundi inayofuata mzoefu anapata 10. Mgeni anapata 5, ukijumlisha 6 ni 11. Mgeni ameshinda! Kwa hiyo raundi ya tatu nyongeza inashuka hadi 5. Angeshindwa, ingepanda hadi 7. Baada ya raundi chache mtajikuta mnafukuzana pointi kwa pointi.

Umbali unakadiriwa kwa macho. Asiyepiga ndiye mwamuzi, na neno lake ni la mwisho.

Michezo 6 ya kujaribu

1. Shabaha tatu. Tumieni pointi zile zile za hapo juu, lakini badilisheni shabaha kila mpira: ya karibu, ya kati, ya mbali, kisha mnaanza upya. Mgeni anaruhusiwa kuibadilisha ya mbali kwa ya karibu. Mipira 9 kila mtu inatosha.

2. Lango. Chagueni alama mbili kwa mbali, mfano vibao viwili au minazi miwili. Mpira ukipita katikati, pointi 1. Mzoefu anapewa lango la hatua 20, mgeni la hatua 40. Mchezo huu unamfundisha mtu kwamba mpira mfupi ulionyooka una thamani kuliko mrefu uliopotea pembeni.

3. Ngazi. Huu ndio mchezo unaowapa tabu wenye nguvu. Anza na pigo fupi kabisa. Kila mpira unaofuata lazima utue mbele ya uliotangulia, lakini mbele kidogo tu. Ukishindwa kuupita, au ukivuka kibao cha yadi 100, zamu yako imeisha. Mwenye ngazi nyingi ndiye mshindi. Kwa kuwa kinachohitajika ni mkono mwepesi, mtoto wa miaka 12 anaweza kumfunga mwanaume mwenye misuli.

4. G-O-F-U. Mmoja anataja fimbo na shabaha, kisha anapiga. Akifanikiwa, wengine lazima wafanye hivyo hivyo. Anayeshindwa anapata herufi G, kisha O, kisha F. Akifika U ametoka. Anayetaja akikosa, zamu inahamia kwa mwingine. Ili kusawazisha, mzoefu anataja shabaha kamili, lakini mgeni anaruhusiwa kutaja upande tu: kulia, kushoto au katikati.

5. Mpira bora. Gawanyikeni timu za wawili wawili, kila timu iwe na mzoefu mmoja na mgeni mmoja. Wote wanapiga, na mpira mzuri zaidi ndio unahesabiwa. Weka sharti moja: kati ya mipira 8 ya timu, angalau 2 lazima iwe ya mgeni. Bila sharti hilo mzoefu atacheza peke yake na mgeni atabaki mtazamaji. Likiwepo, mzoefu ataanza mwenyewe kumuelekeza mwenzake, tena bila kuombwa.

6. Mashimo 9 ya kufikirika. Kila "shimo" lina mipira miwili. Wa kwanza unapigwa kwa fimbo ndefu kupitia lango, wa pili kwa fimbo fupi kwenda kwenye shabaha. Ukipatia yote, pointi 2. Mmoja tu, pointi 1. Ukikosa yote, 0, na mnaendelea na shimo jingine.

Wazo la mchezo huu wa mwisho limetoka kwa Dk. Frank Stableford wa Wallasey, Uingereza. Mfumo wake wa pointi ulianza kuchezwa huko mwaka 1932. Kabla ya hapo, mtu akiharibu shimo moja la mwanzo alikuwa amekata tamaa ya siku nzima. Kwa pointi, shimo baya linakugharimu shimo hilo tu. Mfumo wake unatumika mpaka leo kwenye mashindano ya klabu duniani.

Upepo wa Pwani nao ni mchezaji

Anayecheza ukanda huu hawezi kuusahau upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takribani Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini kuanzia kama Mei hadi Septemba, nao huwa na nguvu zaidi. Mpira unaopigwa kuukabili upepo unaruka juu na kuanguka mapema. Unaosukumwa na upepo kwa nyuma unakwenda mbali kuliko uwezo wako halisi.

Kwa hiyo msipange shabaha kwa namba za kwenye vibao peke yake. Tazameni matawi ya minazi au bendera, kila mtu apige mipira miwili ya majaribio, kisha ndipo mkubaliane. Wageni wapewe shabaha ya upande unaoenda na upepo kama inawezekana. Mpira unaoruka mbali siku ya kwanza unamrudisha mtu wiki ijayo.

Muda mzuri ni asubuhi mpaka saa 3, au jioni kuanzia saa 10. Katikati ya hapo jua la Pwani litawamaliza kabla ya kikapu. Bebeni maji na kofia. Kipindi cha masika, ulizieni kwanza hali ya uwanja.

Usalama: hapa hakuna utani

Mpira halisi wa gofu una uzito usiozidi gramu 45.93, lakini ni mgumu kama jiwe. Mpigaji mwenye nguvu anaweza kuurusha zaidi ya mita 200. Fimbo yenyewe ikimpata mtu kichwani ni hatari zaidi. Kwa hiyo:

- Wapigaji wote wasimame kwenye mstari mmoja.
- Anayesubiri akae nyuma, angalau hatua 5 kutoka kwa anayepiga.
- Hakuna kuvuka mstari kwenda kuokota mpira au tii, hata kama iko hatua moja mbele.
- Mtoto asishike fimbo bila mtu mzima kumsimamia.
- Mpira ukielekea kwa mtu, piga kelele "Foo!" kwa nguvu. Ukilisikia neno hilo, inama na ufunike kichwa. Usigeuke kutazama.

Je, kama huwezi kufika uwanjani?

Michezo mitano kati ya hii sita inawezekana hata kwenye uwanja wa soka wa mtaani Bagamoyo, ila kwa mipira myepesi tu: ya plastiki yenye matundu, au ya sponji. Mipira halisi isitumike kabisa nje ya uwanja wa gofu. Shabaha zinaweza kuwa tairi kuukuu, ndoo au mkeka uliotandikwa chini, na umbali ukapunguzwa kuwa hatua 10, 20 na 30. Lango linakuwa la hatua 3 kwa mzoefu na 6 kwa mgeni, na kwenye Ngazi kikomo kiwe hatua 30. Mashimo 9 ndiyo muyaache, kwa sababu mpira mwepesi hauoneshi tofauti ya fimbo ndefu na fupi.

Ufukweni maji yakikupwa panapatikana nafasi pana, lakini ni njia ya wavuvi na sehemu ya watoto kucheza. Chagueni pasipo na watu, na mkiona mtu anakuja, simamisheni mchezo. Kwa uwanja wa mtaa, ongeeni kwanza na wanaousimamia au ofisi ya serikali ya mtaa.

Ratiba ya saa moja kwa watu wanne

- Dakika 10: kunyoosha viungo na mipira miwili ya majaribio
- Dakika 10: mipira 5 ya kupanga nyongeza
- Dakika 15: Ngazi
- Dakika 20: Mpira bora, mgeni na mzoefu timu moja
- Dakika 5: kupanga upya nyongeza na kuziandika kwenye simu

Kwa ratiba hii kila mtu anapiga kama mipira 25, kwa hiyo vikapu viwili vya mipira 50 mkichangia vinatosha watu wanne. Namba mlizoandika msizifute. Mkikutana tena, mgeni wa leo ataanza na nyongeza yake mkononi, na atataka kujua kama safari hii itashuka.