Chakula Kilichoishia Stesheni

Tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu, nilifundisha habari za Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki mara nyingi mno. Nilichora Reli ya Kati ubaoni, nikaweka mishale ya majeshi, nikamfuata von Lettow-Vorbeck hadi aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mwishoni niliandika mstari mmoja: baada ya vita kulikuwa na njaa na maradhi, na serikali ilitoa chakula cha msaada. Wanafunzi wakanakili, kengele ikalia. Aibu yangu ni kwamba habari yenyewe nilikuwa nimekwisha kuisikia nyumbani, nami nikaiacha huko huko nyumbani.

Wagogo huiita njaa ile Mtunya, jina lenye maana ya kugombania na kunyang'anyana. Haikuletwa na ukame peke yake. Reli ilikatiza Ugogo, kwa hiyo kila jeshi lililopita lilikula Ugogo. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Waingereza walipoingia Dodoma mwaka 1916 nao wakachukua vivyo hivyo. (Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi chao cha wapagazi, ingawa wengi wanaonunua vitunguu pale hawana habari.) Ghala zikabaki tupu, mvua zikakatika, na vijana wengi hawakurudi.

Ndipo mwishoni mwa 1918 ikaingia homa ya mafua iliyokuwa ikiizunguka dunia nzima. Ubaya wa homa ile ni kwamba iliwaandama hasa watu wazima wenye nguvu, yaani wale wale wa kushika jembe, na ilifika karibu na majira ya kupanda. Wanahistoria wanakadiria kwamba Mtunya iliua watu kama 30,000 katika wilaya ya Dodoma, karibu mtu mmoja katika kila watano.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na umri wa miaka minane hivi. Baba yake alikuwa amekwenda upagazi na hakuonekana tena. Mama yake na shangazi yake waliugua wiki moja. Habari zikaenea kwamba chakula kimeletwa kwa garimoshi, lakini stesheni ilikuwa mwendo wa siku mbili. Aliyepata ni aliyefika. Kaka yake Bibi, kijana wa miaka kumi na miwili, alikwenda, akarudi siku ya sita na kifuko cha nafaka mkononi. Mama yao alikuwa amezikwa siku ya tatu. Baadaye baba mdogo akampeleka Bibi milimani, Ukaguru, akamwacha kwa watu na kurudi na mzigo wa mtama. Bibi hakusema kamwe kwamba aliuzwa. Alisema, "Waliniweka." Wala hakusema kwamba wakubwa hawakutoa chakula. Alisema kilikuwa mbali.

Nimelifikiria sana neno hilo. Garimoshi lilikuwapo na nafaka ilikuwapo. Kilichokosekana ni mabega ya kuifikisha vijijini, na mabega hayo yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa kubeba risasi.

Wakati wa korona, mwaka 2020, nilimkumbuka tena. Hapa kwetu shule zilifungwa mwezi Machi, lakini watu hawakufungiwa majumbani, na aliyeishi kwa kibarua cha siku aliendelea kukitafuta. Kwa majirani zetu mambo yalikuwa mengine. Rwanda ilipowazuia watu kutoka, viongozi wa mitaa ya Kigali walipeleka chakula nyumba kwa nyumba. Uganda nayo, mwezi Aprili, ilianza kugawa Kampala na Wakiso kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Malalamiko hayakukosekana: nyumba zilizorukwa, chakula kisicho kizuri. Siyapuuzi, maana tumbo halishibi kwa nia njema. Hata hivyo mimi, mzee wa kusikiliza redio, niliangalia jambo moja tu, kwamba safari hii gunia ndilo lililotembea.

Bibi alikaa Ukaguru miaka mitatu. Kaka yake alipopata mbuzi wawili alikwenda kumkomboa, na watu wale wakapokea mmoja, wakasema wa pili arudi naye njiani asije akaona njaa. Hadi leo ukoo ule tunauita wajomba. Hatuozeshi binti bila kuwapelekea habari, nao hufika, wazee kwa vijana. Katika harusi moja ya hivi karibuni mjukuu wangu aliniuliza tuna undugu gani na Wakaguru wale. Nilimwambia atafute kiti akae karibu nami, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu.