Mchakamchaka Ulitangulia

Oktoba 2026 inatimia miaka 20 tangu kampuni ya viatu ya Nike iingize sokoni, kupitia duka la muziki la Apple, wimbo mmoja wenye urefu wa albamu nzima, uliotengenezwa kwa ajili ya mtu anayekimbia. Uliitwa 45:33, na mtunzi wake alikuwa James Murphy wa kundi la LCD Soundsystem la New York. Haukatiki popote. Unaanza taratibu kwa vinanda, kama mtu anayenyoosha viungo, unapanda kwenye mdundo wa dansi, unapokea tarumbeta katikati, kisha unashuka hadi sauti zinatawanyika kama pumzi ya aliyefika. Jina lake ni fumbo la wapenzi wa santuri, ambazo huzunguka mara 45 au mara 33 kwa dakika. Urefu wenyewe ni dakika 45 na sekunde 58. Mwaka ule ule Nike na Apple walikuwa wametoa kifaa cha kuweka kwenye kiatu, kinachohesabu hatua na kuzungumza na iPod, hivyo wimbo na kiatu viliuzwa kama ndugu. Kumbukumbu hii inastahili kuadhimishwa, lakini mtu wa Elerai, Arusha, hana sababu ya kuiadhimisha kama mgeni. Kazi ya muziki isiyokatika, iliyopimwa kwa miguu ya mkimbiaji tangu kupasha mwili hadi kupoa, ilikuwapo nchini humu miongo mingi kabla ya 2006. Tuliiita mchakamchaka, na kwa jambo moja la msingi ilimzidi Murphy.

Kwanza tumsikilize Murphy mwenyewe, maana kisa chake kinafundisha. Wimbo ulipotoka, maelezo yaliyoambatana nao yalisema umeundwa ili umpe mkimbiaji msukumo na tuzo kwa vipindi vinavyofaa, na kwamba mtunzi aliurekebisha baada ya kuujaribu mara kadhaa kwenye mashine ya kukimbilia. Baadaye alikiri kwamba hayo hayakuwa kweli. Hakuwa mtu wa kukimbia hata kidogo. Alichokitamani kwa muda mrefu ni kutunga kipande kirefu kimoja mfano wa E2-E4 ya Manuel Göttsching, Mjerumani aliyekaa studio yake ya Berlin Desemba 1981 akapiga karibu saa nzima bila kusimama, na fedha za kampuni ya viatu zikampa nafasi hiyo. Wako waliomlaumu, na wako waliosema sanaa imepata mfadhili, basi yameisha. Mimi naona pande zote mbili zilipita kando ya jambo lenyewe. Wimbo ule ni mzuri, na sehemu yake mojawapo ilizaa Someone Great, wimbo ulioko kwenye albamu ya Sound of Silver ya 2007. Kasoro yake ni kwamba aliyeutunga hakuwa na pumzi ya mkimbiaji ndani yake. Alikisia mlima utakuwa wapi. Mkimbiaji naye, akiwa na hedifoni masikioni, analazimika kuufuata mlima wa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Mchakamchaka haukisii. Neno lenyewe linasikika kama nyayo nyingi kwenye kokoto. Kundi linakimbia kwa safu, hatua fupi, magoti ya wastani. Anayeanzisha hakai mbele, hukaa ubavuni ili aone miguu na nyuso za wote. Anatoa mstari, kundi linaitikia, na mguu wa kushoto ndio unaobeba neno zito. Njia ikipanda, anafupisha mstari ili watu wapate nafasi ya kuvuta hewa. Ikitelemka, anaongeza maneno. Akiona wa nyuma wanaachwa, anarudia kiitikio mara tatu, mara nne, mpaka safu ijikusanye. Wimbo mmoja ukichoka, wa pili unaingia juu ya hatua zile zile, hakuna aliyesimama. Nusu saa inapita hivyo. Ukiutazama kwa jicho la muziki, hii ndiyo kazi ndefu moja yenye sehemu zinazoungana ambayo Göttsching aliitafuta kwa mashine, ila hapa mashine ni vifua vya watu.

Historia yake inayofahamika inapita jeshini. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na vijana waliopita kambini, Oljoro ya Arusha ikiwa mojawapo, walitoka na nyimbo hizo wakazipeleka vyuoni, kazini na mitaani. Walimu walizipeleka shule za msingi, ambako mbio za asubuhi kabla ya masomo zilikuwa sehemu ya siku kama kengele. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliongeza utenzi mzima kuhusu nduli Amin, na watoto waliozaliwa baada ya vita walikuwa bado wakiuimba bila kujua Kampala iko wapi. Mpango wa vijana kuingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria ulisitishwa 1994, ukarudishwa 2013. Atasema mtu kwamba haya yote ni urithi wa gwaride la mkoloni, na kwamba majeshi mengine nayo yanaimba yakikimbia. Ni kweli kwamba Marekani inamtaja Willie Duckworth, askari mweusi aliyewazoesha wenzake kuhesabu hatua kwa kuimba mwaka 1944. Lakini kukubali kwamba askari kwingineko waligundua jambo hilo hakutunyang'anyi la kwetu. Kwenye miteremko ya Meru, Waarusha na Wamaasai walikuwa na mpangilio huo tangu zamani: olaranyani anatoa sauti, wenzake wanaitikia kwa koo, hakuna ngoma, na miili inayoruka ndiyo inayoshika mapigo. Kijana wa huku alipofika kambini alifundishwa maneno mapya tu.

Nimesema mchakamchaka unamzidi Murphy, na dai hilo linahitaji ushahidi kuliko fahari. Kwamba muziki unasaidia mwili hakuna ubishi mkubwa. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amelichunguza kwa miaka mingi, na katika utafiti uliochapishwa 2012 yeye na wenzake walikuta kwamba waendesha baiskeli waliofuatisha mapigo ya muziki walitumia oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 7. Swali ni kama kuusikiliza na kuutoa ni kitu kimoja. Mwaka 2013 Thomas Fritz na wenzake wa Taasisi ya Max Planck, Leipzig, waliunganisha mashine za mazoezi na vyombo vya muziki, ili anayesukuma chuma awe ndiye anayepiga. Washiriki walijihisi wamechoka kidogo zaidi waliposikiliza muziki tu kuliko walipoutengeneza kwa misuli yao wenyewe. Tofauti hiyo hiyo iko kati ya hedifoni na mchakamchaka. Kwa albamu ya Nike mkimbiaji ni msikilizaji. Kwenye safu ya Oljoro yeye ni nusu ya wimbo, na akinyamaza wimbo unapungua.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanariadha. Mashindano makubwa hukimbiwa kimya, kwa sababu kanuni zinakataza vifaa vya muziki. Marekani mwaka 2007 chama cha riadha kilijaribu hata kuwakataza wakimbiaji wa kawaida wa barabarani, kisha kikalegeza. Haile Gebrselassie alipata upenyo mwaka 1998 mjini Birmingham, alipoomba wimbo wa Scatman upigwe uwanjani akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani, lakini huo ulikuwa upendeleo. Filbert Bayi wa Karatu hakuwa na wimbo wowote tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, alipoongoza mbio za mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe kwa rekodi ya dunia ya 3:32.16. Juma Ikangaa hakuwa nao New York mwaka 1989 aliposhinda kwa 2:08:01, wala Alphonce Simbu kule Tokyo Septemba 2025, alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03. Basi muziki wa nini? Nijibu kwa kukumbusha kwamba wote watatu walikuwa wanajeshi. Sidai kwamba nyimbo ndizo zilizowapa medali. Jeshi huwapa mshahara na muda, na hayo yana uzito wake. Ninachodai ni kidogo zaidi. Siku ya mashindano ni moja, siku za mazoezi ni mamia, na nyingi kati yake ni za mwendo mwepesi ambao mtu anaweza kuongea. Anayeweza kuimba hajazidisha kasi. Mchakamchaka ni kipimo hicho kilichogawiwa kundi zima bila saa ya mkononi.

Kinachonisikitisha ni namna tulivyouacha. Kila klabu ya jogging ya Jumamosi inaurudia kwa kubahatisha, na nyimbo za kambini za miaka ya 60 zinaondoka na waliozianzisha, huku tukiwa na mafundi wa kuziinua. Singeli ya Dar es Salaam, iliyotoka kwenye mchiriku na vigodoro, tayari ni muziki wa kompyuta usiokatika. Albamu ya Sounds of Sisso ilipotolewa Kampala mwaka 2017, Ulaya ilishangaa mapigo yanayofika 200 hadi 300 kwa dakika. Ataambiwa fundi kwamba hiyo ni kasi ya kupita miguu, na ni sawa, kwani mkimbiaji hodari hupiga hatua 180 au zaidi kidogo. Lakini anayejua kuikimbiza taarabu mpaka igeuke singeli anajua pia kushusha hadi 180, na MC wa kigodoro, anayemtaka DJ arudie kipande mpaka amalize la moyoni, anafanya kazi ile ile ya anayeanzisha kando ya safu. Kitu kimoja tu hakimo kwenye 45:33 wala kwenye singeli ya sasa, nacho fundi atalazimika kukiamua kabla ya kugusa kinanda: nafasi tupu ya mkimbiaji kuitikia. Kwa hatua 180 kwa dakika, nafasi ya hatua nane ni sekunde mbili na ushei.