Kamusi ya dhihaka: Jinsi maneno ya wahafidhina wa Marekani yanavyofasiliwa upya

Katika siasa za Marekani, anayewahi kulipa jambo jina huwa amekwisha kushinda sehemu kubwa ya mjadala. Kodi ikiitwa adhabu, mpiga kura huichukia kabla hajaambiwa ni nani anayeilipa. Sheria ikiitwa ya uzalendo, mbunge huona haya kuipinga. Ndiyo maana kando ya kamusi za kawaida umekua utanzu mdogo wa maandishi usiokoma: kamusi za dhihaka, ambamo istilahi za wanasiasa huorodheshwa kama vidahizo na kupewa maana ambayo mtungaji anaamini imefichwa nyuma yake.

Shabaha kuu ya kamusi hizo kwa miongo kadhaa imekuwa msamiati wa wahafidhina, hasa wa Chama cha Republican. Makala haya yanaeleza chimbuko la utanzu huo, namna maneno yenyewe yalivyoundwa, na baadhi ya istilahi zinazolengwa mara kwa mara. Fasili za kejeli zilizomo humu zimetungwa kwa ajili ya kuonyesha mtindo, isipokuwa pale mwenyewe anapotajwa.

Chimbuko la utanzu

Baba wa mtindo huu nchini Marekani ni Ambrose Bierce, mwandishi wa habari aliyezaliwa Ohio mwaka 1842 na kupigana upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Kwa miaka mingi alichapisha magazetini fasili fupi zenye sumu. Zilikusanywa katika kitabu mwaka 1906, na mwaka 1911 zikatoka kwa jina linalojulikana hadi leo, The Devil's Dictionary, yaani Kamusi ya Shetani. Bierce hakumpendelea yeyote: kwake mhafidhina na mliberali walitofautiana tu katika kuchagua maovu ya kukumbatia.

Waliomfuata walichagua upande. Mwaka 2005 Katrina vanden Heuvel, mhariri wa jarida la mrengo wa kushoto la The Nation, alitoa kamusi ya maneno ya Republican ambayo sehemu kubwa ya fasili zake zilitumwa na wasomaji. Mwezi Oktoba mwaka huohuo mchekeshaji Stephen Colbert, aliyeigiza uhusika wa mtangazaji mhafidhina, alizindua kipindi chake cha televisheni kwa neno truthiness: hali ya jambo kuonekana kweli kwa sababu moyo unalitaka liwe kweli, hata kama ushahidi haupo. Chama cha Wanalahaja cha Marekani kililitangaza kuwa neno la mwaka 2005. Dhihaka ikawa imeingia katika kamusi halisi.

Maneno yalivyoundwa

Kejeli hizi zisingekuwa na nguvu kama maneno yanayokejeliwa yasingekuwa yameundwa kwa makusudi. Mwaka 1990 kamati ya kisiasa ya GOPAC, iliyoongozwa na Newt Gingrich, iliwagawia wagombea wa Republican orodha mbili za maneno. Moja ilikuwa ya kujieleza wenyewe, ikiwa na maneno kama uhuru, familia na fursa; nyingine ilikuwa ya kuwaeleza wapinzani, ikiwa na maneno kama ufisadi, wasaliti na wagonjwa.

Baadaye akaja Frank Luntz, mtafiti wa maoni ya umma aliyeyapima maneno mbele ya vikundi vya wapiga kura kama mfanyabiashara apimavyo ladha ya bidhaa yake. Katika waraka wake uliofichuliwa mwaka 2003, aliwashauri viongozi wa chama kusema mabadiliko ya tabianchi badala ya kuongezeka kwa joto duniani, kwa kuwa maneno ya kwanza hayatishi sana. Mwaka 2019 Luntz aliwaambia maseneta kwamba msimamo wake wa wakati ule haukuwa sahihi. Kwa upande wa pili, mwanaisimu George Lakoff wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwaonya wanaliberali mwaka 2004 kwamba anayepinga hoja kwa kutumia maneno ya mpinzani wake huiimarisha hoja hiyohiyo.

Vidahizo vinavyolengwa zaidi

Kodi ya kifo. Ni jina ambalo wahafidhina waliipa kodi ya mirathi, iliyokuwapo katika ngazi ya taifa tangu mwaka 1916. Fasili ya kejeli: kodi inayomtoza mrithi wa tajiri na kumliza maskini asiye na cha kurithisha. Ukweli ulio chini yake ni kwamba kodi hii hugusa chini ya asilimia 1 ya wanaofariki. Kuanzia mwaka 2026 mali isiyozidi dola milioni 15 kwa mtu mmoja imesamehewa. Hata hivyo watetezi wa jina hilo wana hoja yao: mali hiyo, wanasema, ilikwisha kutozwa kodi wakati mwenyewe akiwa hai, na familia yenye shamba kubwa inaweza kuwa na ardhi nyingi lakini isiwe na fedha taslimu.

Haki ya kufanya kazi. Ni sheria za majimbo zinazozuia mfanyakazi kulazimishwa kulipia chama cha wafanyakazi kama sharti la ajira. Sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947 iliyaruhusu majimbo kuzitunga, na zaidi ya majimbo 20 yanazo. Fasili iliyoenezwa na vyama vyenyewe: haki ya kufanya kazi kwa ujira mdogo zaidi. Mwaka 1961 Martin Luther King aliitaja kaulimbiu hiyo kuwa ya uongo, akisema haileti haki wala kazi. Wanaoiunga mkono hujibu kwamba uhuru wa kujiunga hauna maana bila uhuru wa kutojiunga.

Walio wengi na walio kimya. Rais Richard Nixon alitumia maneno haya tarehe 3 Novemba 1969 kuomba uungaji mkono kwa sera yake ya Vita vya Vietnam. Hapa mkejeli hana haja ya kubuni lolote, kwa kuwa katika Kiingereza cha karne ya 19 maneno hayo yalikuwa tasfida ya wafu.

Anga safi. Mpango huu wa Rais George W. Bush, uliotangazwa mwaka 2002, ulihusu moshi wa mitambo ya umeme. Fasili ya kejeli: anga ambayo haina wingu la kanuni. Wanamazingira walidai kwamba ungeruhusu uchafuzi mwingi zaidi kuliko kutekeleza kikamilifu sheria iliyokuwapo tayari. Mswada wake ulikwama katika kamati ya Seneti mwaka 2005 kwa kura 9 dhidi ya 9.

Mzalendo. Sheria ya usalama iliyotiwa saini tarehe 26 Oktoba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ilipewa jina refu ambalo herufi zake za mwanzo zinaunda neno mzalendo kwa Kiingereza. Fasili ya kejeli: raia anayefurahi kupekuliwa. Katika Seneti ni mtu mmoja tu, Russ Feingold wa Wisconsin, aliyeipigia kura ya hapana.

Mahojiano yaliyoimarishwa. Ni istilahi ya serikali ya Bush kwa mbinu ambazo shirika la ujasusi la CIA lilitumia dhidi ya washukiwa wa ugaidi, ikiwemo kumfunga mtu na kumwagia maji usoni hadi ahisi anazama. Wakejeli wengi hapa hupungukiwa na utani, kwa kuwa fasili ya kweli ni neno moja: mateso. Rais Barack Obama alikiri hadharani Agosti 2014 kwamba Marekani iliwatesa baadhi ya watu, na ripoti ya kamati ya Seneti ilitoa maelezo ya kina Desemba mwaka huo.

Majopo ya kifo. Sarah Palin alitumia maneno haya Agosti 2009 kupinga mageuzi ya bima ya afya. Pendekezo lililokuwapo lilihusu kuwalipa madaktari muda wa kuzungumza, kwa hiari ya mgonjwa, juu ya matibabu ya mwisho wa maisha. Fasili ya kejeli: mazungumzo na daktari, endapo daktari analipwa na serikali.

Ukweli mbadala. Ulizaliwa tarehe 22 Januari 2017, pale mshauri wa Rais Donald Trump, Kellyanne Conway, alipotetea kauli ya msemaji wa Ikulu kuhusu ukubwa wa umati katika kuapishwa kwa rais. Siku chache baadaye riwaya ya George Orwell ya 1984 ilipanda hadi kileleni mwa orodha ya mauzo ya Amazon.

Kejeli inapomrudia mwenyewe

Si kila neno la dhihaka hubaki dhihaka. Maneno ya uchumi wa kutiririka chini, yaani dhana kwamba utajiri wa walio juu hatimaye huwafikia walio chini, huhusishwa na mchekeshaji Will Rogers, aliyeyatumia mwaka 1932. Wahafidhina wenyewe hawayapendi. Husema uchumi wa upande wa ugavi. Naye George Bush mkubwa aliuita mpango wa Ronald Reagan uchumi wa uchawi mwaka 1980, kabla ya kuwa makamu wake. Kinyume chake, Obamacare lilianza kama tusi la wapinzani, kisha Obama akalipokea na kulivaa.

Wala tasfida si mali ya upande mmoja. Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei ya mwaka 2022, iliyopitishwa na Wademokrati, ilihusu zaidi nishati safi, afya na kodi. Mwaka uliofuata Rais Joe Biden alisema anatamani asingeipa jina hilo. Wahafidhina nao wana kejeli zao. Neno woke, lililotoka katika Kiingereza cha Wamarekani weusi likiwa na maana ya kuwa macho dhidi ya dhuluma, leo hutumiwa nao kwa kubeza karibu sera yoyote ya mrengo wa kushoto.

Maneno yanayovuka bahari

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mvutano huu wa majina si mchezo wa mbali. Mwaka 1984 serikali ya Reagan ilitangaza katika mji wa Mexico sera ya kuyanyima fedha za uzazi wa mpango mashirika ya kigeni yanayotoa au kutetea huduma za utoaji mimba. Wanaoiunga mkono huiita ulinzi wa uhai. Wanaoipinga huiita kifunga mdomo cha dunia. Tangu hapo kila rais wa Democratic ameifuta na kila rais wa Republican ameidumisha au kuirejesha, mara ya mwisho kurejeshwa ikiwa Januari 2025. Baada ya kurejeshwa mwaka 2001, mashirika ya uzazi wa mpango nchini Kenya yaliyokataa masharti yake yalipoteza fedha na kufunga baadhi ya zahanati. Mama aliyekuta mlango wa zahanati umefungwa hakuhitaji kujua ni jina lipi kati ya hayo mawili lililoshinda Washington.

Wasemaji wa Kiswahili pia wanaijua silaha hii. Baada ya uhuru, viongozi walipohubiri usawa huku wakipanda magari ya Mercedes-Benz, wananchi waliwaita wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya.

Kamusi ya dhihaka, hata hivyo, haithibitishi jambo. Huonyesha tu mahali ambapo jina na kitu vimeachana, na mara nyingi huacha nje hoja ya upande unaochekwa. Msomaji makini huanza na kicheko, kisha hutafuta maandishi ya sheria yenyewe: inamtoza nani, inamlinda nani, na inamnyima nani.