Chuma cha Brearley kwenye Magari ya Kale

Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Alipochanganya chuma na kromiamu, akapata kitu kisichoshika kutu.

Kufikia 1930, Ford walikuwa wakikitumia kwenye fremu ya rejeta na taa za mbele za Model A. Mwaka 1936, wakishirikiana na Allegheny Steel ya Pennsylvania, waliunda magari sita yenye bodi nzima ya chuma hicho.

Hata hivyo, mapambo ya chuma hicho kwenye magari ya kale hupata madoa ya kahawia. Kromiamu hujenga utando mwembamba unaokinga chuma, lakini chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji huutoboa. Vumbi la breki nalo huleta kutu yake.

Dawa ni ya zamani kuliko chuma chenyewe: Bar Keepers Friend, unga wenye asidi ya oksaliki, umeuzwa Indianapolis tangu 1882. Fundi huukoroga kwa maji hadi uwe uji mzito, hupaka, husugua taratibu kwa kitambaa laini, kisha husuuza kwa maji mengi.

Steelwire ya jikoni isiguse hapo. Huacha chembe za chuma, nazo hushika kutu.